Upande Mkavu wa Majivu

Swali la tatu ndilo nililolipenda kuliko yote. La kwanza lilikuwa: pombe inafanya nini mwilini? La pili: inafanya nini nyumbani? Hayo watu waliyajibu kwa uvivu, wengine wakipiga miayo. Lakini nikifika la tatu, nani alikupa mara ya kwanza, uwanja mzima ulichangamka, maana kila mtu alikuwa na wa kumshitaki. Mimi nilisimama mbele na kalamu nyekundu, nikangoja jibu nililokwisha kulijua, kisha nikaliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: MARAFIKI WABAYA. Nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Kazi hiyo, ya ofisi moja inayopiga vita ulevi, naifanya mpaka leo, huku Kasungami, pembeni ya Lubumbashi, ambako mashamba ya mahindi na nyumba za matofali zinagombania nafasi. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana kwenye uwanja wa shule ya msingi, wazazi na vijana. Tunazungumza juu ya lutuku, ile pombe kali inayopikwa majumbani, juu ya bangi, na juu ya vile vichupa vya plastiki vya pombe ya kiwandani vinavyopenya mpakani, upande wa Sakania. Wananiita madamu. Sitasema uongo, jina hilo nililipenda. Nina mdomo, nina sauti, na mtu anayesikilizwa kila wiki huanza kusahau ya kwake. Nyani haoni kundule.

Mama yetu alipika lutuku. Baba alikufa nikiwa na miaka saba, na Mama hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na pipa, bomba la shaba na moto. Simlaumu, kwa sababu kila daftari nililoandika shuleni lilitoka kwenye bomba lile. Alianza alfajiri. Pombe ilichemka ndani ya pipa, mvuke ukapita kwenye bomba lililozamishwa katika beseni la maji baridi, na upande wa pili ikatoka lutuku, tone kwa tone, ndani ya chupa. Matone ya kwanza yanaunguza, ya mwisho ni maji matupu. Mpishi asiyejua pa kukomea anaharibu chupa nzima, na wateja hawamrudii.

Ili kujua, lazima kuonja. Mama alisema ulimi wake umekwisha kufa kwa moshi na kwa kuonja miaka mingi, na kwamba ulimi wa mtoto haudanganyi. Wapishi wote wa barabara yetu walisema hivyo, wala hakuna aliyeona ubaya. Kila ua wa nyumba, sisi tunauita lupango, wenye pipa ulikuwa na mtoto wake wa kijiko, na katika lupango letu mtoto huyo alikuwa mimi. Niliketi juu ya tofali karibu na bomba, nikakinga matone, nikayaweka ulimini, nikamwambia Mama: bado kali, bado kali, sasa imelegea. Sheria yake ilikuwa moja: onja, tema. Nilitema kwenye majivu. Kazi ilipokwisha Mama aliinama, akayatazama majivu, akaona alama za mate yangu, akaridhika. Ndivyo alivyotulinda, na aliamini kabisa kwamba kinachotemwa hakimdhuru mtoto.

Nilikuwa darasa la nne mwalimu aliponinusa mdomo. Aliniita mbele, akawauliza wenzangu kama wanajua nilikunywa chai gani asubuhi ile. Walicheka mpaka kengele ikalia. Nilirudi nyumbani nimeapa kwamba kijiko kile hakitaingia tena kinywani mwangu, lakini kumwambia Mama sikuthubutu.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, miaka sita, hajaanza shule. Hakuna mwalimu wa kumnusa. Kesho yake Mama alipokwenda kuchota maji ya kubadilisha beseni, nilimwita nikampa kijiko. Akakunja uso, akataka kukimbia. Nikamwahidi kitumbua changu cha asubuhi, akarudi. Tatizo likabaki majivu. Akitema yeye, mate yataangukia upande wake wa moto, na Mama atajua.

“Usiteme,” nilimwambia. “Meza. Mama akiona mate upande yako atatupiga bote.”

Akameza. Machozi yakamtoka, akakohoa, akaniambia bado kali, akanyoosha mkono apewe kitumbua. Mimi nikageuka, nikatema upande wangu mate meupe, safi, yasiyokuwa na kitu. Mama aliporudi aliinama, akaona alama, akaridhika.

Natamani ningesema lilikuwa jambo la siku moja. Lilikwenda misimu miwili ya mvua. Kila asubuhi ya kupika nilitafuta namna ya kumwondoa Mama karibu na pipa, kila asubuhi mdogo wangu alimeza, na kila asubuhi nilikwenda shuleni nikinukia sabuni. Siku moja alinyoosha mkono kukitaka kijiko mwenyewe, kabla sijamwita, na kitumbua hakukidai. Sikushituka. Nilifurahi kwamba sasa nitakula kitumbua changu.

Alipofika miaka kumi na mitano tayari tulikuwa tunamwokota kwenye mitaro. Sitaeleza yote, mwenye ndugu wa namna hiyo anajua, na asiye naye asiombe. Mama aliacha kupika lutuku kwa sababu yake, akauza makaa, lakini mtoto alikuwa amekwisha kujua milango mingine. Miaka ilivyokwenda Mama akaugua, na kitandani alikuwa na swali moja, akilirudia hata mbele ya wageni. Alisema aliwafundisha watoto wake wote kutema. Majivu aliyaangalia kwa macho yake. Huyu basi alijifunzia wapi?

Nilikuwa namkanda miguu. Ningeweza kumwambia. Nilimjibu: ni marafiki wabaya, Mama. Akatikisa kichwa, na baada ya siku chache tukamzika. Kwa hiyo jibu lile la kalamu nyekundu sikulitoa ofisini wala kwenye mafunzo. Nililitoa kwanza pale kitandani, na lilinifaa sana, nikalichukua nikaenda nalo kazini.

Sasa nije kwenye Jumamosi yenyewe. Ofisi yetu ilituambia kwamba watu wamechoka kusikia madamu tu, tuwe tunaleta mtu aliyepitia mambo, aseme kwa kinywa chake. Nikamwomba shefu wa avenyu, yule mzee anayeshika daftari la wakaaji wa barabara yetu, anitafutie mtu. Alitaka kunifurahisha. Jumamosi ile alikuja uwanjani akitabasamu, na nyuma yake alikuwa mdogo wangu, amevaa shati lililopigwa pasi.

Alikuwa ameacha kunywa tangu msimu wa mvua uliopita. Anafyatua matofali, ana mke, mikono yake bado inatetemeka kidogo asubuhi. Mbele ya watu wote nilimkumbatia bila kusema ni ndugu yangu, wakapiga makofi. Alizungumza vizuri kuliko nilivyotazamia. Alieleza mitaro, alieleza siku aliyouza sufuria za mke wake, na vijana wa nyuma, wale wanaokuja kucheka, hawakucheka.

Kisha likafika swali la tatu. Ningeweza kuliruka, ila liliandikwa ukutani kwa mkono wangu mwenyewe, na msimamizi kutoka ofisini alikuwa ameketi safu ya mbele na kijitabu. Nikamwuliza. Sauti yangu niliisikia nyembamba: nani alikupa mara ya kwanza?

Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile akiwa na kijiko mkononi, akingoja nimwambie la kufanya. Nami, mwanamke mzima, nilitikisa kichwa kidogo, kidogo sana, hivi: hapana.

“Ni bakamarade,” akasema. “Njo balinifundisha.”

Nikageuka ukutani nikaandika: MARAFIKI WABAYA. Nikapiga mstari mara mbili, na watu wakapiga makofi tena.

Baadaye nilimfuata kwenye njia ya kwake. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nikaanza kwa kumwuliza mbona amesema vile, kana kwamba si mimi niliyemtikisia kichwa. Alicheka kidogo, akaniita yaya, dada mkubwa, kama zamani.

“Yaya, kama ningesema ni weye, nani angekusikiliza tena? Bantu banakupenda. Acha tu vile.”

Nilitamani ardhi inimeze. Mlevi wa familia ndiye aliyekuwa akinifunika, na mimi, madamu, nilikubali kufunikwa. Nikarudi nyumbani, nikapika bukari, ugali wetu wa huku, nikala. Nikasema moyoni kwamba imekwisha, hakuna aliyepata hasara, uongo huu unanihusu mimi na yeye tu.

Wiki tatu baadaye tulikuwa na zamu ya kupita nyumba kwa nyumba. Nikaingia katika lupango la mama mmoja ninayemjua, kwa sababu hakosi masomo ya Jumamosi, huketi safu ya pili na kuitikia kwa kichwa kila ninalosema. Nilimkuta kwenye pipa lake. Hakuona haya, alinikaribisha, akaomba radhi tu kwa moshi, akaniambia anajua ninachofundisha lakini watoto lazima wale. Karibu na bomba, juu ya tofali, alikuwa ameketi binti yake wa miaka kama tisa, na kijiko mkononi. Pembeni yake alikaa mvulana mdogo zaidi.

Nilimwuliza mama yule mbona huyu mdogo hachezi na wenzake barabarani, ilhali kumekucha na kumependeza. Akajinyoosha, akanijibu kwa fahari, kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu daftari lake.

“Mi nilishika masomo yako, madamu. Ulisema ni bakamarade njo banaharibisha batoto. Huyu hatokake tena inje. Anabakia tu na mi hapa, karibu na moto.”

Macho yangu yakashuka yenyewe kwenye majivu. Upande wa msichana kulikuwa na alama za mate, mbichi, nyingi. Upande wa mvulana majivu yalikuwa makavu, na mdomo wa mvulana ulikuwa unang'aa. Nikainua macho, nikakutana na ya msichana. Alijua kwamba nimejua. Alikuwa na uso wangu kabisa.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na tukisema hivyo tunamfikiria mtu mwingine. Nikachuchumaa pale kwenye moshi na vitabu vyangu vya ofisi. Sikutaka kumshitaki mtoto yule, mimi nani wa kumshitaki? Lakini nikinyamaza mara ya tatu, mara hii isingekuwa Mama wala ndugu yangu, ingekuwa mtoto wa watu.

“Mama,” nikasema, “ule shahidi wa Jumamosi, ni ndugu yangu. Hapana bakamarade. Mi njo nilimupatia kijiko. Nilimuambia ameze, juu mama yetu asione mate mu majivu.”

Yule mama hakunielewa mara moja. Kisha akatazama majivu, upande huu na upande ule. Akamvuta mvulana, akamfunua mdomo kwa vidole, akamnusa. Msichana akaanza kulia bila sauti. Mama yake hakumpiga. Alimnyang'anya kijiko, akakaa chini, na pombe ikaendelea kudondoka kwenye chupa mpaka ikawa maji, wala hakuna aliyeionja.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilikwenda kwa mdogo wangu kwenye tanuru la matofali. Nilimweleza yote, na safari hii nilianza na msamaha. Nikamwambia Jumamosi nataka kuibandua ile karatasi na kuandika jibu la kweli mbele ya watu, na kwamba najua huenda asiwepo tena mtu wa kuniita madamu, ila sitaandika asipokubali, kwa sababu maisha ni yake. Alipangusa udongo mikononi muda mrefu.

“Andika, yaya,” akasema. “Lakini andika na vile mi nilikula bitumbua yako yote.”

Jumamosi nilibandika karatasi mpya, nikauliza swali la tatu, na kabla mtu hajainua mkono nikalijibu mwenyewe. Kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho. Niliandika: DADA YAKE, nikawaambia kwamba shahidi wao ni mdogo wangu. Mzee mmoja mwanamke akainuka na kuondoka, na wengine wawili wakamfuata. Yule mama wa safu ya pili alibaki, na watoto wake wote wawili wameketi mbele yake.

Ile ya vitumbua sikuiandika.