Stuli ya Mama Sisimizi

Kazini walimwita Mama Sisimizi, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Miaka ishirini na mitatu iliyopita aliajiriwa kufagia maabara ya wadudu ya chuo. Mtunzaji wa wadudu alipostaafu, wakubwa wakasema wataleta mwingine, na mpaka leo wanasema hivyohivyo. Fagio likahamia kwa mtu mwingine, yeye akabaki na wadudu. Alijua kiota kipi kina malkia mvivu na kipi kina wagomvi, na hata profesa, wageni wakimbana kwa maswali, humtupia jicho yeye kwanza.

Alichopenda kuliko vyote ni sisimizi anayetoka kiotani mara ya kwanza kwenda kutafuta chakula. Haendi mbali. Hupiga hatua chache, hugeuka kutazama mlango wa kwao, huzunguka kidogo, hugeuka tena, mpaka anajua kwao kunaonekanaje kutoka nje. "Muone anavyoaga," Mama Sisimizi humwambia yeyote aliye karibu. "Kama mtoto wa darasa la kwanza."

Aliyekuwa karibu kwa miaka miwili sasa ni Miwani, binti wa shahada ya uzamivu. Miwani alitaka kuthibitisha kwamba sisimizi wake hushika njia kwa kutazama taa za darini. Kiota kiliwekwa mwisho huu wa meza, sukari mwisho ule, na ukuta ulikuwa mweupe mtupu. Kila baada ya safari moja meza ilifutwa kwa spiriti, isibaki harufu ya kumwongoza anayefuata. Basi zilibaki taa tu, na sisimizi walinyoosha njia hadi kwenye sukari bila kupepesuka. Kufuta meza ilikuwa kazi ya Mama Sisimizi. Akimaliza, alipanda stuli yake ndefu nyuma ya sukari, akiwa na sweta lake jeusi kwa sababu mifupa yake haipendi baridi, akatulia tuli asije akawasumbua. Utulivu huo alijivunia sana.

Siku profesa alipokuja kuikagua kazi kabla haijaenda kwa watahini, Mama Sisimizi aliona adabu ni kumpisha. Akasimama mlangoni, mikono nyuma. Sisimizi wa kwanza akatoka, akafika katikati ya meza, akaanza kuzunguka. Wa pili vilevile, na wa kumi vilevile. Miwani akakagua taa, akakagua sukari.

"Kazi ya miaka miwili haiwezi kutegemea bahati ya siku, binti," profesa akasema, wala hakusema kwa ukali. "Nakupa wiki mbili. Ikishindikana, utaanza upya na swali lingine."

Alipoondoka, Miwani alikaa sakafuni akalia. Mama Sisimizi akafanya anachokijua: akafuta meza, akapanda stuli yake. Sisimizi mwingine akatoka kiotani akitangatanga, akasimama, akageuza kichwa, akaja upande wake moja kwa moja.

Mama Sisimizi akalitazama sweta lake jeusi, kisha ukuta mweupe nyuma yake. Angeweza kunyamaza, na mtu angemlaumu kwa lipi? Angeketi tu siku profesa akirudi, binti apate shahada yake, na siri ibaki kati yake na wadudu. Lakini sisimizi wale aliwalea mwenyewe, na hakutaka wasingiziwe jambo wasilolifanya.

"Mwanangu," akasema, "siyo taa. Ni mimi."

Miwani akainua uso. "Umesemaje, shangazi?"

"Wananifuata mimi. Macho yao si makali, lakini doa kubwa jeusi kwenye ukuta mweupe wanaliona. Njoo usogeze stuli uone."

Walisogeza stuli kushoto, sisimizi wakaenda kushoto. Walipoirudisha kulia, wakaenda kulia. Miwani akacheka huku machozi hayajakauka, kisha kicheko kikakatika, maana sasa aliona hesabu zake zote zimekwenda na maji.

"Nimekuharibia," Mama Sisimizi akasema.

"Hapana. Niliorodhesha kila kilichomo chumbani humu, hadi misumari ya ukutani. Wewe sikukuandika."

Ikabaki kujua sisimizi watafanyaje asipokuwapo kabisa. Mama Sisimizi akapewa likizo ya wiki nzima, akaenda kwa shingo upande. Nyumbani alizurura na kitambaa mkononi, akifuta meza iliyokwisha kufutwa, mpaka mumewe akamwambia arudi tu huko kwa watoto wake wa miguu sita.

Jumatatu alimkuta Miwani mlangoni na daftari.

"Siku sita, shangazi. Taa zote zinawaka na hakuna hata mmoja aliyeifikia sukari. Profesa amekubali tubadilishe swali liwe la doa jeusi badala ya taa, kazi iendelee. Sianzi upya."

Mama Sisimizi hakulitazama daftari. Alimpita, mkoba ukiwa bado begani, akainama juu ya kiota.

"Siku sita hawakuifikia," akasema. "Walikula nini?"

"Niliwawekea pale mlangoni mwao kila jioni. Matone matatu, kama unavyoweka wewe."

Akawahesabu kwa macho waliokuwa nje, polepole. Alimpenda sana yule binti wakati ule. Akavua mkoba, akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Haya," akasema. "Leo unataka niketi wapi?"