Moto Uliochorwa Chini ya Nguba

Siku zile za kituo cha matetemeko kule Lwiro bado ninazikumbuka, mwanangu, na leo umenikumbusha kwa kunitia hasira. Nilikuwa musichana, kazi yangu kusoma mitetemo ya ardhi kwenye karatasi. Muzee aliyenifundisha, Papa Deo, alininyang'anya karatasi kabla sijakaa. "Zunguka kwanza. Uone nani anapasua kuni, nani anatwanga. Kisha urudi usome." Kila asubuhi! Mvua inyeshe, zunguka. Nilinuna, nikasema moyoni muzee huyu ananichosha bure.

Leo natamani angekuwepo akupigie wewe kelele.

Eti umefundisha ordinateri, mashini yako ile, kusikiliza mitetemo na kuchora mambo ya chini ya ardhi. Nimefurahi kweli, inasikia vitu vidogo ambavyo macho yangu hayangeviona kamwe. Lakini imechora moto mwekundu chini ya mtaa wa Nguba, na wewe, bila kuuliza mutu, ukatuma picha kwa WhatsApp ya parokia! Sasa Maman Furaha, mujane wa watu, anauza nyumba yake ya Nguba kwa bei ya kutupa apeleke watoto mbali, kule Nyangezi. Kesho anatia saini.

Nikakuuliza: "Chombo cha kusikiliza umekiweka wapi?"

"Kwa tonton, kaka yako, Maman, kule Nguba. Nyuma ya jiko. Pale hakuna mwizi."

Nyuma ya jiko! Jameni! Si pale wanatwanga majani ya muhogo, sombe, kila jioni? Umeikula sombe ile! Na umenionyesha mwenyewe: mitetemo inaanza jioni, inakoma chungu kikipanda jikoni. Moto gani wa chini unaopumzika watu wakianza kupika? Mashini imedhani kila pigo la muchi ni tetemeko. Haina kosa, haijui sombe. Wewe unaijua.

Sisemi chini hakuna moto. Hii ni Kivu, nchi ya volkeno, tunajua tunaishi wapi. Nasema hujui bado. Mutaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe hukutoka hata kwa kiti.

Basi sikia. Mashini ikikuambia jambo la kutisha, zunguka kwanza, uulize majirani, uhamishe chombo, usikilize tena, ndipo ufungue mudomo. Na neno ulilolitupa kwa simu, kalifuate kwa miguu. Nenda Nguba sasa hivi, umwambie Maman Furaha uso kwa uso kwamba hujui. Atakutukana, vumilia, ni haki yake.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu, umukute bado hajashika kalamu.