Sauti ya Mama Ndani ya Spika

Akija mchuuzi kibandani kwangu kuniuzia spika ya blutuu, namkaribisha kiti, namsikiliza mpaka amalize, kisha namwomba atoke. Mume wangu anasema nimezidi. Sijazidi hata kidogo.

Wala si kwamba navichukia vifaa visivyo na waya. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Rusimbi, na kutwa nina kisikilizio kimoja sikioni. Mteja akipiga kuuliza gauni lake limefikia wapi, najibu huku mikono yote miwili iko kwenye kitambaa. Dada yangu aliyeolewa Tabora tunasengenya huku napiga pindo, na pindo linanyooka. Zamani simu ikiita nilikuwa naacha kazi, naifuta mikono, na nikirudi nimeshasahau nilipoishia. Hilo ni jema, na sitalikana kwa sababu ya hasira.

Nyumbani ndiko vinakoanza kunikera. Mume wangu amejiziba masikio yote mawili, binti yangu naye kajiziba ya kwake, wanakaa sebule moja kama abiria wasiojuana. Mgeni anapiga hodi mpaka koo linamkauka, anaondoka akisema siku hizi tuna maringo. Chakula kikiiva nawatumia ujumbe kwenye simu, watu ambao ningeweza kuwarushia mwiko ukawafika. Hayo nayavumilia, maana kila nyumba ina vituko vyake. Aliyotendewa mama yangu mwaloni ndiyo yaliyonishinda.

Mama anaishi Ujiji, mtaa wa chini, karibu na mwalo mmoja ambako wanawake huanika dagaa. Mitumbwi ikirudi asubuhi, dagaa humwagwa kwenye vichanja na kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani, na jua likiwa kali, jioni wameshakauka. Adui ni mvua. Dagaa waliokwisha kupata jua wakilowa, hubadilika rangi, hutoa harufu, na wanaowanunua ni wafugaji wa kuku tu. Mvua ya ziwani nayo haibishi hodi. Unaona wingu dogo juu ya milima ya Kongo, ukigeuka kuchota maji, limeshavuka.

Kwa hiyo mwalo ule una desturi yake. Yupo mama mmoja ambaye kazi yake ni kutazama mbingu na kuita. Akiita, kila mwanamke anaacha alichoshika na kuanua kichanja kilicho karibu naye, hata kama ni cha mtu waliyenuniana tangu mwaka juzi. Cha kwake kitaanuliwa na mwingine. Hakuna anayesimama kuuliza kama ni kweli. Na jioni, kila mwenye kichanja anamtolea mwitaji bakuli la dagaa. Bakuli hilo si sadaka, ni haki yake.

Mama yangu alirithi kazi hiyo kwa shangazi yake, nami nimekulia kwenye mabakuli hayo. Alikuwa anaita kwa Kiha kwanza, kisha kwa Kiswahili, anueni jamani, anueni, kwa sauti nyembamba ndefu ambayo hutaamini inatoka kwenye mwili mdogo vile. Nimeona wanawake wakiacha sufuria jikoni na watoto wachanga kwenye mkeka kwa ajili ya sauti hiyo. Mama alijua wanaacha nini. Ndiyo maana wingu lisipomridhisha alikaa kimya, na hata tukimwambia, mama, mbona kumefunga, alituambia tungoje.

Kisha kikundi cha waanikaji kikanunua spika. Kubwa, ya kuchaji, yenye maikrofoni isiyo na waya. Katibu wa kikundi, mwanamume mzima mwenye kitambi chake, akawa anatembea nayo mwalo mzima akisema haloo, haloo. Mwenyekiti akaja kwa mama na khanga mpya. Akaamkia vizuri, shikamoo mama, akasema umefanya kazi kubwa, sasa pumzika, katibu ataita kwa maiki. Mama akapokea khanga akashukuru. Mimi nilijua pale pale kwamba ile khanga ndiyo bakuli la mwisho.

Spika hiyo haikunyamaza. Asubuhi nyimbo, mchana matangazo ya vocha na dawa ya mende, jioni nyimbo tena. Mvua ya kwanza ilipokuja, katibu alishika maiki akapayuka mpaka mishipa ikamtoka, lakini simu ya bodaboda mmoja aliyejipumzisha kivulini ilikuwa imeishika spika kwa blutuu bila hata yeye mwenyewe kujua. Uliotoka ni muziki wa kukata viuno. Dagaa wa mwalo mzima wakalowa huku ngoma ikilia. Ningecheka, kama si kwamba wengine walikuwa wamekopa ili wanunue dagaa wale.

Wanawake waliwaka. Wakasema hata hiyo sauti ya katibu ingetoka wasingekimbia, maana kutwa anabwabwaja humo. Sauti wanayoijua ni moja.

Ungedhani viongozi wangemrudisha mama kwenye kazi yake na mambo yakaisha. Walikuja kweli, mwenyekiti na katibu, na nilikuwepo. Katibu akamsogezea mama simu mdomoni, akamwambia, "Mama, ita kidogo tu, kama unavyoitaga, tuiweke sauti kwenye spika."

Mama akatoka uani, akatazama juu, akarudi. "Mvua yenyewe iko wapi?"

"Haipo mama, ni ya kurekodi tu."

"Mimi siwezi kuita mvua ambayo haipo," akasema. "Nikiita, mtu anaacha mtoto chini."

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema basi, mama arudi mwaloni kama zamani. Mama alifurahi, jamani. Alifua ile khanga, akajifunga, akaenda kukaa mahali pake. Mvua ilipokuja ya kweli akaita, wakaanua, hakuna aliyelowesha hata dagaa mmoja. Na katibu alikuwa amesimama nyuma yake na simu mkononi. Kesho yake wakamwambia apumzike tena.

Nilifunga kibanda nikaenda kwa mwenyekiti. Sikuamkia. Nikamwambia kama mnatumia sauti ya mama, bakuli lake litoke kama kawaida, kila kichanja, kila siku ya kuanika. Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu anayemwonea mjinga. "Dada, bakuli lilikuwa la mtu anayekaa juani. Sasa hivi nani anakaa juani? Spika haili."

Spika haili! Damu ilinichemka mpaka nikaona nikikaa pale nitasema neno ambalo litamletea mama aibu. Nikaondoka. Njiani nikawa nayatunga majibu mazuri mazuri, yote yamechelewa.

Siku chache baadaye nilimpelekea mama gauni lake. Tukakaa kibarazani tunamenya muhogo, jua kali, mbingu imetakata, Kongo inaonekana ng'ambo kama umeifuta kwa kitambaa. Ghafla tukasikia mwito. Kiha kwanza, kisha Kiswahili. Anueni jamani, anueni.

Mama alisimama na kisu mkononi, akawa anaanua nguo kwenye kamba. Mwili ulitangulia, akili ikafuata baadaye. Alipofika nguo ya tatu akasita, akatazama juu. Kisha akanigeukia.

"Nani huyo anaita?"

"Ni wewe, mama."

Alijishika koo, akaiacha kamba na nguo zake nusu, akashuka kuelekea mwaloni. Nikamfuata.

Tulikuta vurugu. Dagaa wabichi na waliokauka wamechanganywa kwenye maturubai, vichanja viwili vimeanguka, mwanamke mmoja wa rika la mama amekaa mchangani anashika goti linalotoka damu. Kando, katibu alikuwa na wageni waliokuja kutazama maendeleo ya kikundi. Alikuwa anawaonyesha jinsi spika inavyofanya kazi. Wageni walikuwa wanapiga picha na kusifu, na yeye anacheka kwa furaha, anasema, mmeona wanavyokimbia?

Nilitaka kumvaa. Naapa nilitaka niichukue ile spika niizamishe ziwani mbele ya wageni wake. Lakini yule mwenye goti alikuwa ameshamwona mama. Hakumtazama katibu wala spika. Alimtazama mama na kumwambia, polepole, kwa uchungu wa mtu anayemsema ndugu, "Leo umetuita bure."

Nikafungua mdomo nimtetee. Nikasema mama alikuwa nyumbani, anamenya muhogo, mimi ni shahidi, waliomwibia sauti ni hawa hapa. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akasema anajua. Alikuwa anajua, na bado akaendelea kumtazama mama vile vile.

Mama akapiga magoti akampangusa mchanga kwenye kidonda kwa upindo wa ile khanga. "Nisamehe," akamwambia. Kisha akainuka akaenda kichanja cha pili, akasema hivyo hivyo. Akaenda cha tatu. Mwanamke mwingine alimjibu, mwingine aliendelea kuchambua dagaa wake bila kuinua uso.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, mama, acha, tafadhali, unaomba radhi ya nini? Si wewe uliyeita.

"Na wamekimbia kwa sauti ya nani?" akaniuliza.

Akauchomoa mkono wake. Vichanja vilikuwa vingi, na jua lilikuwa bado juu, akavipitia vyote.