Toledo ambayo Casilda anaionyesha, lakini haioni

Saa nne kasorobo asubuhi, Casilda Villarrubia amesimama chini ya lango la Bisagra, mlango wa mji wa zamani wa Toledo, Hispania, simu sikioni, anasikiliza kwa makini.

"Mume ana shati la kijani na kofia nyeupe," inasema sauti ya kiume upande wa pili. "Mke amevaa gauni la njano. Njano kabisa, shemeji, hata ukiwa umelala utaliona."

"Warefu?"

"Mume ndiyo. Mke ni saizi ya kabati la jikoni. Usimwambie nimesema."

Casilda anacheka peke yake. Anaitia simu mfukoni na kuiweka sawa beji inayoning'inia kifuani. Muda si mrefu gari jeusi linasimama kando ya lango. Milango inafunguliwa, na yeye anatembea moja kwa moja kulielekea gauni la njano, mkono mbele.

"Doña Eulalia, karibu Toledo. Rangi hiyo imekupendeza sana."

Doña Eulalia na mumewe, Don Abundio, ni walimu wastaafu kutoka Mérida, Meksiko. Waliikodi siku hii tangu majira ya baridi: gari lao peke yao kutoka Madrid, na mwongoza watalii wao peke yao mpaka jioni. Wote wawili wanatabasamu. Casilda naye anatabasamu, akielekeza uso wake mahali ambapo anakisia nyuso zao zipo.

Ana umri wa miaka hamsini na sita. Kwa miaka minne sasa, ugonjwa umekuwa ukila katikati ya macho yake, na madaktari wamemwambia hauna dawa. Pembeni bado anaona rangi na vivuli. Katikati pana ukungu. Kila anachokitazama ndicho kinachopotea, iwe ni uso wa mtu, bei ya mkate au jina la mtaa.

Kesho anairudisha beji. Leo ndiyo siku yake ya mwisho kazini, na anataka kitu kimoja tu: wageni hawa warudi Madrid bila kujua kuwa mwanamke aliyewatembeza alikuwa haoni sura zao.

"Sitaki kuhurumiwa," alimwambia mwandishi wa makala haya kabla gari halijafika. "Siku moja tu. Halafu wanihurumie mpaka wachoke."

Kazi yenyewe ndiyo iliyomficha. Mwongoza watalii huwatazama wageni wake, na kile anachokieleza huwa nyuma yake. Casilda alifundishwa hivyo akiwa na miaka ishirini na sita, na tangu hapo Kanisa Kuu la Toledo limekuwa mgongoni kwake kila siku ya kazi.

"Nani angejua?" anauliza. "Nilikuwa sigeuki hata nilipokuwa naona."

Vichochoro anavijua kwa miguu. Mji wa zamani hausogei, anasema, na hiyo ndiyo raha yake. Vinavyomtia hofu ni vitu vinavyohamahama: meza mpya ya mkahawa, pikipiki ya mpeleka vyakula, shimo la mafundi bomba. Mgahawani haulizi orodha ya vyakula. Huwaambia wageni, "Leo mtakula kama watu wa hapa, niachieni mimi," kisha anaagiza nyama ya nguruwe iliyopikwa na njegere. Wageni hufurahi wakidhani wamependelewa.

Yaliyobaki ni ya Saturio Mansilla, dereva, mume wa dada yake. Ndiye anayepiga simu kila asubuhi wageni wanaposhuka kwenda chooni kituo cha mafuta, amweleze rangi za nguo zao. Ndiye anayewapiga picha. Ni mtu mnene, mwenye maneno mengi, na amemtania Casilda tangu siku alipokwenda kwao kuposa.

"Nilimchukua dada yake nikaongezewa na huyu," anasema. "Sikuulizwa."

"Mtu mwenyewe alikuja kuposa na soksi mbili tofauti," Casilda anajibu. "Hiyo niliiona vizuri sana."

Kwa msaada huo hakuna mgeni aliyegundua kitu mpaka majira ya kuchipua mwaka huu.

Casilda alikuwa na desturi ya kumalizia matembezi yake kwenye kanisa dogo la nyumba ya masista, karibu na wanapouza peremende zao za lozi. Juu ya altare ya pembeni palikuwa na picha ya kuzaliwa kwa Bikira Maria. Mama amelala kitandani amechoka, wanawake wanamwogesha mtoto, na chini, karibu na jiko la makaa, paka anaota moto. Casilda alikuwa akisimama mbele yake, akiipa mgongo kama kawaida, na mwishoni akiwaambia wageni wamtafute paka. Watoto walikuwa wakipiga mbio. Wakubwa walikuwa wakicheka. Yeye alikuwa akinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na kidole kilikuwa kikifika pale pale.

Siku moja ya majira hayo ya kuchipua alikuwa na wageni wawili kutoka Chile, dada kwa dada, wote wajane. Hakujua kuwa wiki hiyo picha ilikuwa imeshushwa na kupelekwa Madrid kusafishwa. Tangazo lilibandikwa mlangoni. Alilipita.

"Niliongea sana," anakumbuka. "Nilikuwa na siku nzuri. Nikaeleza yule mama kitandani, nikaeleza maji ya kumwogeshea mtoto. Nikasema, 'Sasa mtafuteni paka.' Kimya. Nikasema labda wamechoka. Halafu yule mkubwa, Doña Hortensia, akasema, 'Nimemwona. Mzuri.'"

Walipotoka nje, Doña Hortensia alimshika mkono na kumvuta kando.

"Akaniambia, 'Mwanangu, pale ukutani hapana kitu. Ni chokaa tupu. Tangu lini huoni?'"

Casilda anaeleza haya kwa sauti ile ile anayoelezea wafalme na maaskofu, bila kutetereka. Anapofika hapo tu ndipo anaanza kuifuta kwa kiganja meza ya mkahawa aliyokalia, ingawa meza ni safi.

Wale dada hawakumshtaki kwa mtu. Waliandika mtandaoni kuwa ndiye mwongoza watalii bora waliyewahi kumpata, mwanamke mwenye moyo. Sifa hizo zilimletea wageni wengi kiangazi chote, na zilimuumiza kuliko matusi.

"Wangelalamika, ningejua nasimama wapi," anasema. "Sasa kila mtu akinisifu najiuliza, huyu naye ameona nini? Miaka thelathini nimesifiwa. Yote imeharibika, hata ile ya zamani."

Aliendelea kwa sababu hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Siku moja ya namna hii humpa yuro mia mbili na kidogo, na Januari na Februari hupita bila mgeni. Shirika la wasioona limempa kibanda cha kuuza tiketi za bahati nasibu, lakini kiko Talavera, mwendo wa saa moja kwa basi. Toledo hakuna nafasi.

"Ni kazi ya heshima, sisemi kitu," anasema. "Ila Talavera siijui. Hapa hata nikipofuka kabisa bado nina mji. Kule nitakuwa na kibanda tu, na fimbo."

Leo mambo yanaanza vizuri. Casilda anapanda na wageni wake polepole, anawasimulia, anawatania. Don Abundio anauliza maswali ya kiualimu. Doña Eulalia anacheka kwa sauti kubwa, tena mapema, kabla utani haujafika mwisho.

Kisha mwandishi anaanza kusikia jambo.

"Abundio, angalia, ngazi," Doña Eulalia anasema kwenye kona. "Tatu. Zinashuka."

Mbele kidogo: "Abundio, kuna meza hapa, upande wa kulia."

Don Abundio anaona vizuri kabisa. Hata hivyo anaitikia kila mara, "Nimeiona, mpenzi, asante," kwa sauti ya mtu anayesoma shairi mbele ya darasa. Bila kuambizana wamemweka Casilda katikati yao, mmoja kulia na mwingine kushoto. Yeye anaendelea kueleza, lakini sauti yake inapungua, na utani umekwisha.

Wakati wa chakula cha mchana mwandishi anashuka hadi maegesho. Saturio amekaa garini, mlango wazi, mkate wake haujaguswa.

"Nimewaambia," anasema kabla hajaulizwa. "Asubuhi, njiani. Na wewe usimwambie."

Kwa nini?

"Kwa sababu yule mama wa Meksiko ana nyonga ya chuma. Shemeji akimwingiza shimoni, nani atapata usingizi? Nimekuwa macho yake miaka minne, bwana. Lakini gari haliingii vichochoroni. Nikishawashusha wageni pale langoni nakaa hapa, nasubiri nipigiwe simu ya msiba." Anaufunga mkate kwenye karatasi. "Wameahidi watajifanya hawajui. Ni watu wema."

Ni watu wema kweli, na jambo hilo ndilo lililoiharibu siku. Inauma kuwatazama wakijitahidi.

Jioni gari linavuka mto Tajo na kupanda hadi mahali ambapo mji wote unaonekana ng'ambo. Hapo ndipo kila safari inapoishia. Saturio anawapiga picha wote watatu. Doña Eulalia anamkumbatia Casilda, na hamwachii. Anapomwachia, macho yake yana machozi, na anageuka haraka kuyaficha mbele ya mtu asiyeweza kuyaona.

"Tutawaambia watoto wetu wakutafute wakija," anasema.

"Waje," Casilda anajibu.

Wageni wanaingia garini. Casilda anabaki kwenye ukuta wa mawe. Saturio anazungusha funguo kidoleni.

"Uliwaambia wapi?" Casilda anauliza.

"Kuwaambia nini?"

"Shemeji, yule mama amenitajia ngazi zote za Toledo. Mimi ndiye wa Toledo."

Saturio anatazama viatu vyake. "Getafe, tulipotoka tu Madrid," anasema.

"Mapema hivyo."

"Ana nyonga ya chuma, shemeji. Mimi nifanyeje?"

"Najua ana nyonga. Nilimsikia anavyotembea tangu anashuka garini. Ndiyo maana niliwapitisha njia ya chini, yenye ngazi chache. Nilikuomba siku moja, Saturio."

Ni mara ya kwanza leo kumwita jina lake. Saturio anaacha kuzungusha funguo. Anakwenda kukaa nyuma ya usukani. Huko garini Don Abundio anawasha redio kidogo, ili ionekane hawakusikia kitu.

Njia nzima ya kurudi langoni Doña Eulalia anasifia mawingu. Casilda anashuka, anawapungia mkono, anasimama mpaka gari lipotee. Saturio, ambaye kila siku huagana naye kwa honi, leo haipigi.

Kwenye mkahawa wa karibu, mhudumu anamletea kahawa bila kuagizwa. Anaikunja kamba ya beji, anaikunjua. Hamkasirikii Saturio, anasema, kisha baada ya muda anasema anamkasirikia sana. Dada yake atapiga simu usiku kuwapatanisha, naye hajui atasema nini, maana kila alichosema Saturio ni kweli.

"Hilo ndilo baya," anasema. "Angekuwa amekosea ningemtukana, yaishe. Hakukosea. Mimi siwezi tena kazi hii. Imekwisha na sikuimaliza mimi."

Akiulizwa kama ana mpango wowote kabla ya Talavera, anatikisa kichwa. Halafu anakubali kuwa upo mmoja, mdogo. Katika miaka yote hii hajawahi kuongozwa na mtu. Mwezi wa Novemba, wageni wakipungua, anataka kwenda Segovia kwa siku moja kama mgeni, amlipe mwongoza watalii wake peke yake, atembezwe, anyamaze, aelezwe mji wa watu wengine wakati pembe za macho yake bado zinashika mwanga. Amekwishampata, mtu mwenye sifa nzuri, na wamezungumza kwa simu juzi.

"Nilimwambia kabla hata ya bei. Nikamwambia mimi ni mwenzako, sioni. Akasema pole, atanihudumia vizuri. Nikamwambia sitaki vizuri. Nieleze kilichopo. Ukinisimamisha mahali pasipo na kitu, niambie hapana kitu. Ni hilo tu ninalolilipia."

Akajibu nini?

"Akasema nisijali," Casilda anasema. "Segovia nzima ni nzuri, hakuna mahali pasipo na kitu."

Anaiweka beji mezani, kifudifudi.

"Unaona?" anasema. "Na yeye ameshaanza."