Mwanamke wa Nondo

Mtaani walimwita Mama Cheche, ingawa hakuwa na mtoto. Jina alipewa na kazi. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mwanamke pekee kwenye safu ile ya karakana. Mdogo wake alipoolewa, alimpa zawadi aliyoiweza: nondo kila dirisha, nene kama kidole gumba, mwizi asipite.

Na mwizi hakupita. Siku shemeji yake alipofunga mlango kwa ufunguo na kuanza kumpiga mkewe, majirani walimwona dirishani, kashika nondo kwa mikono miwili, anaita. Wanaume wakavuta mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Nondo hazikutikisika. Fundi alikuwa hodari.

Baada ya mazishi mama yao alisema, "Mwanangu, wale wana jamaa wakubwa. Tumwachie Mungu."

"Mungu ana yake, mama. Haya ni yetu."

Kesi ikapigwa danadana. Shemeji akatoka kwa dhamana, akahamia mtaa mwingine, akanawiri. Nyumba ile ikakosa mpangaji, na mwenye nyumba akamruhusu fundi ang'oe nondo zake. Akazikata, akazipinda, akaziunga upya: mwanamke mrefu kuliko mlango, mdomo wazi, vidole vimekunjwa vikishika hewa. Mafundi wenzake, waliozoea kumtania, siku hiyo walimsukumia mkokoteni. Wakamsimika mbele ya mahakama, miguu ndani ya zege.

Watu wakajaa. "Huyu naye kakosa bwana?" mmoja akauliza, wenzake wakaangua kicheko. Muuza mitumba mmoja hakucheka. Alivishika vidole vile vya chuma, kisha akavuta mtandio kufunika shavu lake lililovimba, akaenda zake.

Afisa wa manispaa akamwita fundi ofisini. "Dada, mkono unao, sikatai. Ila pale wanapita wageni. Kwa nini usitutengenezee twiga?"

"Twiga hauawi na mumewe, mheshimiwa."

Kesho yake winchi ikaja. Zege lilikuwa bichi bado. Sanamu ikang'oka kama jino bovu, ikatupwa stoo pamoja na mabomba mabovu.

Mwaka haukuisha, wakasikia shemeji anaoa. Mama alifika karakana, akakaa juu ya pipa bila kukaribishwa.

"Nimesikia binti mwenyewe ni mdogo," alisema. "Nataka nimwone kabla."

"Umwambie nini?"

"Kwamba akinikimbilia, mimi sitamwambia vumilia."

Fundi akazima mashine.

Mama alikwenda. Shangazi wa bibi harusi alimpokea mlangoni, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Bibi, msiba umekuchanganya. Mwanetu kapata mume mwema." Akafunga mlango taratibu. Ndani vigelegele viliendelea.