Kiko Ambacho Mama Hakumpa Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa mizani. Wenye maduka, wachinjaji na wanunuzi wa mazao walimletea mizani zilizolegea, naye akazifungua, akazisafisha, akazipima kwa mawe yake ya shaba mpaka sindano itulie pale inapotakiwa. Mizani ikikataa kukaa sawa, alimwambia mwenyewe waziwazi, "Hii imeshakufa, tusipotezeane muda." Mtu akinuna, basi anune. Wateja walimwita Bwana Ukweli, wengine kwa heshima, wengine kwa kumsengenya, kwa sababu hakujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwa Mama tu ndiko alikolegea.

Mama alikuwa mfinyanzi. Walipooana alimfinyangia Baba kiko cha udongo mwekundu, kichwa chake cha duara, ubavuni amekichora majani madogo kwa mwiba. Alikichoma kwenye tanuri la dada yake, akakifunga katika kitambaa safi, akampelekea. Baba akakijaza tumbaku, akakiwasha, akavuta. Mama alisimama mbele yake, mikono bado ina udongo kwenye kucha, akisubiri.

"Kizuri," Baba akasema. "Sijapata kuvuta kiko kama hiki."

Hilo la pili lilikuwa kweli tupu. Kiko kile kilikuwa balaa. Tundu la mrija lilitokea juu mno, kwa hiyo tumbaku ya chini haikushika moto, ikabaki kama uji mchungu, na ukivuta kwa nguvu uji ule unakufuata mdomoni. Kichwa chenyewe kilikuwa chembamba kikapata moto haraka, mpaka Baba akawa anakishika kwa kitambaa kama mtu anayeepua sufuria. Lakini neno lilikuwa limeshamtoka, na Mama alikuwa amefurahi mno. Kila jioni, baada ya kula, alimletea mwenyewe kiko kile pamoja na kiberiti, akakaa karibu naye akimtazama anavyovuta. Baba akavuta. Mimi nimekua nikiona midomo yake ina vidonda, nikidhani ndivyo midomo ya wanaume ilivyo.

Aliyemwonea huruma ni Fundi Saa, rafiki yake waliyegawana chumba kimoja cha kazi mjini. Huyu meza yake ya saa ilikuwa dirishani, Baba na mizani zake ukutani. Siku moja alimwona Baba akijipaka mafuta ya nazi mdomoni, akamshika mkono, wakavuka barabara mpaka duka la tumbaku.

Fundi Saa ndiye aliyenisimulia habari za siku hiyo. Alisema Baba alichagua kiko kama mtu anayechagua mchumba. Muuzaji alianza kumwonyesha viko vikubwa vilivyopakwa vanishi vikang'aa. Baba akavikataa. Vanishi, alisema, huziba mti usipumue. Alivipima kimoja kimoja kiganjani, akaviuma kwa pembeni ya meno kuona kama vitamchosha taya. Aliomba unyoya wa kuku, akaupitisha kwenye mrija, kisha akachungulia ndani ya kichwa kuona unapotokea. Ukitokea juu, kiko kinarudi kwenye sanduku. Muuzaji akaanza kuguna. Hatimaye Baba akaokota kimoja cha mti wa kahawia, kidogo, hakina pambo lolote, kuta zake nene, na unyoya ukatokea chini kabisa.

"Hicho cha wazee wasio na hela," muuzaji akasema.

"Basi nimefika," Baba akajibu.

Alikijaza tumbaku kwa vidole, chini akaiachia ilegee, juu akaikaza kidogo, akakiwasha pale pale mlangoni. Fundi Saa alisema hakuwahi kumwona rafiki yake na uso ule. Moshi ulikuja wa baridi, mtamu, bila kuvutwa kwa nguvu. Baba alifumba macho. Tangu siku hiyo kiko cha mti kilikaa kwenye mtoto wa meza kazini, kimefungwa katika kitambaa laini cha kung'arishia mawe ya mizani, wala hakikuvuka mlango wa nyumba yetu. Jioni alirudi kwenye udongo, akasifia, akaungua.

Miaka ikapita hivyo. Nikaolewa, nikahamia mtaa wa pili.

Mama aliugua figo. Ugonjwa haukuchukua muda mrefu. Siku za mwisho hakuweza kuinuka, lakini jioni alinionyesha kwa kidole rafu ya kiko, nikampelekea Baba, naye akavuta amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, moshi akiupuliza dirishani. Mama alimtazama mpaka usingizi ukamchukua. Alifariki asubuhi moja nikiwa nakanda miguu yake.

Baada ya mazishi Baba hakurudi kazini. Fundi Saa alipoona siku zinakwenda, akaja nyumbani kumjulia hali. Katika kuaga, akatoa mfukoni kile kitambaa chenye kiko cha mti akakiweka mezani.

"Nimekuletea hiki. Nimeona huku utakuwa na hamu nacho."

Baba alikitazama kama mtu aliyeletewa mashtaka. "Kirudishe ulikokitoa," akasema polepole.

"Ndugu yangu, sasa nani atakukataza?"

"Hakuna aliyenikataza hata zamani. Kirudishe."

Fundi Saa akaniangalia mimi, akakichukua, akatoka. Nilipomsindikiza ndipo aliponieleza yote. Niliporudi ndani nikamkuta Baba amewasha kiko cha udongo, machozi yanamtoka. Sikujua ni ya msiba au ya moshi, na sikuuliza.

Akaendelea kuvuta kile cha udongo asubuhi na jioni, zaidi hata kuliko Mama alipokuwa hai. Ulimi ukapasuka, ikawa chai anainywa imepoa. Nikamwambia, "Baba, kiache hicho, kinakuumiza."

"Nilimdanganya mtu machoni kila siku ya ndoa yangu," akanijibu. "Kuungua ulimi ni kitu gani?"

Nikampelekea salamu mama mkubwa, dada yake Mama, aje tusaidiane kupanga vitu vya marehemu, na zaidi aje azungumze na shemeji yake, maana mimi mtoto kuna mahali siwezi kufika.

Mama mkubwa alikuja na kikapu cha ukindu. Naye ni mfinyanzi, mwanamke wa mifupa mikubwa, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Tulikunja nguo za Mama mchana kutwa. Jioni tukakaa ukumbini, Baba akafikia kiko chake. Mama mkubwa akamwangalia akivuta mara moja, mara mbili, uso umemkunjamana.

"Shemeji," akasema, "hicho kiko kibaya. Yeye mwenyewe alijua kibaya."

Mkono wa Baba ukasimama hewani. "Alijua nini?"

"Unakumbuka siku uliyosahau miwani nyumbani?"

"Aliniletea jirani wa pale kazini, muuza nyuzi. Nikashangaa aliipata wapi."

"Mkeo ndiye aliyeileta. Alifika mpaka dirishani kwako, akakuona unavuta kiko cha mti. Alisema ulikuwa umefumba macho, na uso ule kwake hukuwahi kuuleta. Akamwachia jirani miwani, akapanda basi akaja kwangu. Alilia, shemeji, siwezi kukuficha. Halafu akafuta uso akaniomba udongo."

Mama mkubwa akavuta kikapu, akatoa kitambaa kilichokunjwa, akakifungua juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na viko vya udongo, kama sita au saba, kila kimoja umbo lake. Kingine kirefu, kingine kimekaa kama kibuyu, vingine vyeusi kwa moshi wa tanuri.

"Kila akija kwangu alifinyanga kingine. Alitaka apate kimoja cha kukishinda kile cha dukani. Lakini tutajuaje kipi kizuri? Yeye moshi unamkohoza. Akanivutisha mimi." Mama mkubwa akacheka kidogo, mkono kifuani. "Mimi na ukubwa wangu huu, nilitapika nyuma ya tanuri mpaka mbuzi wakanikimbia. Vyote niliviona vichungu sawasawa."

"Angenipa mimi nivijaribu," Baba akasema. "Kwa nini hakunipa?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo." Sasa hakuwa anacheka. "Akasema, 'Nikimpa atasema kizuri. Hata nikimpa bomba la choo atasema kizuri. Nitajuaje?'"

Baba aliweka chini kile alichokuwa nacho, taratibu, kana kwamba kingevunjika kwa kuguswa. Kisha akashuka kwenye kiti, akakaa mkekani mbele ya vile viko, akaniomba unyoya.

Nikakimbilia uani nikauokota bandani. Baba akaanza kazi. Ndivyo nilivyomwona akifanya na mizani, kichwa kimeinama, midomo imefumbwa. Alichukua cha kwanza, akapitisha unyoya, akakijaza, akakiwasha.

"Hiki hakivuti," akasema. "Mrija umeziba katikati, udongo ulimwagikia ndani."

Akachukua cha pili. "Hiki kizito. Kingening'oa meno." Cha tatu kilikuwa chembamba kama kile cha arusi, na akakisema hivyo hivyo, kinaunguza. Alisema kwa sauti ya kazini, bila kupunguza. Nikaogopa mama mkubwa ataudhika, lakini yeye alikuwa amesogea mbele, anaitikia kwa kichwa kila neno kana kwamba analipokea kwa niaba ya mtu.

Kile kilichokaa kama kibuyu Baba alikishika kwa muda kabla ya kukijaza. Kuta zake zilikuwa nene, tumbo limeshuka, na unyoya ulipoingia ukatokea chini kabisa. Akakijaza, chini legelege, juu ikakazwa. Akakiwasha. Akavuta mara moja. Akavuta tena. Moshi ulitoka mwembamba, wa buluu, bila haraka, nasi tukasikia harufu ya tumbaku ile ile ya siku zote imekuwa nyingine, kama ya majani makavu juani. Baba akafumba macho.

Alivuta mpaka tumbaku ikaisha, na alipokigonga kiko kiganjani yakatoka majivu meupe, makavu, hakuna uji.

"Hiki," akasema. "Hiki ni kizuri. Kinakishinda cha dukani. Alikipata, shemeji. Alikipata na hakujua."

"Hiki kilikuwa cha katikati," mama mkubwa akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Baada yake alifinyanga vingine."

Baba akainamisha kichwa. Nilimwona akilia kilio alichokikataa makaburini, mabega yakimtikisika, na mama mkubwa akamwachia alie, akaniashiria nami nimwache.

Alirudi kazini wiki iliyofuata. Kiko cha mti alimpa Fundi Saa, ambaye hakuwa mvutaji, akawa anakiuma tu akitengeneza saa. Kile cha kibuyu kilimhudumia Baba miaka yote iliyobaki, na ulimi ukapona, ingawa yeye hakupata kuwa mtu wa furaha tena. Akivuta alikuwa anatazama mahali Mama alipozoea kukaa, na mazungumzo yakikatika hakuna aliyemharakisha.

Mimi nilikuwa nampelekea chakula cha jioni. Zamani alisifia kila nilichopika. Sasa akawa ananiambia chumvi imezidi, mchele una mawe, mboga imeiva mno. Mume wangu alisema mzee ameanza kuwa mkali. Mimi nikapunguza chumvi, nikachambua mchele upya. Jioni moja Baba aliweka kijiko chini katikati ya kula, akasema kwa sauti yake ya kazini, "Leo umepika," akaendelea na chakula chake.

Nilitoka nikaenda kusimama uani peke yangu.