Leso Iliyolowa Zahanatini

Juma lililopita, kwenye zahanati moja ya Changamwe, mwanamke aliyejifungua karibuni alikuwa mbele yangu akingojea maziwa ya mkebe. Mavyaa wake, mama wa mumewe, aliyempakata mjukuu, alimjibia kila swali la dresa, mhudumu wa zahanati.

"Maziwa yamemkauka huyu. Mtoto nalala naye mimi, yeye apate kupumzika."

Mara mtoto wa mtu mwingine akalia nyuma yetu. Leso ya yule mwanamke ikalowa kifuani. Akajitazama, kisha akanyoosha mikono.

"Mama, nipe mwanangu."

"Ngoja kwanza tupewe mkebe."

"La, mama. Nipe sasa hivi."

Akanyonyesha pale pale benchini. Dresa akaurudisha mkebe kabatini, akanieleza kwamba kilio huamsha tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo hupeleka habari matitini kwa njia ya damu. Nami nimefurahi kujua kuwa habari hiyo haipiti kwanza kwa mavyaa kuomba ruhusa.